Nywila ya Mchapaji

Tangu mitihani ya muhula uliopita ivuje na lawama zote kumwangukia yeye, mchapaji wa shule hakuamini hata kivuli chake.

"Dada, programu zako zimezeeka," fundi wa kompyuta alisema, amesimama nyuma ya kiti cha mchapaji. "Nimekuunganishia ghala jipya la programu kwenye mtandao. Weka nywila tu, matoleo mapya yashuke."

"Ghala la nani?"

"La watu wa kuaminika."

Mchapaji aliisoma anwani ya ghala hilo herufi kwa herufi. Hakuitambua. Akaguna. Nywila yake hakuwahi kumpa mtu, hata mwalimu mkuu. Na huyu fundi, badala ya kutazama kioo, alikuwa amekodolea macho vidole vyake.

Basi akaandika polepole, kwa kidole kimoja chenye kucha iliyokatika. Alipofika tarakimu ya mwisho, akabonyeza nane makusudi, ili jamaa asije akamwibia nywila kwa macho.

Kompyuta ikakataa.

"Kidole kimeteleza, dada," fundi alisema kwa upole. "Mwisho ni saba."