Hojaji Mia Mbili

Hojaji ya mia na arobaini binti aliijaza kwa mkono wa kushoto. Iliyofuata akaijaza kwa kalamu ya kijani, amelala kifudifudi, ili mwandiko uonekane wa mtu mvivu.

"Profesa, njoo ule!" shangazi yake aliita kutoka jikoni.

"Bado wanafunzi hamsini na tisa, shangazi."

Utafiti wake ulihusu uelewa wa wanafunzi wa chuo kikuu kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Alitakiwa kuwahoji wenzake mia mbili. Badala yake alikimbilia kwa shangazi, mji wa mbali, akazima simu wiki mbili nzima ili msimamizi wake asimsumbue. Bila sahihi ya msimamizi Ijumaa hiyo angerudia mwaka, na mama yake alikwisha kushona nguo ya mahafali. Aliogopa, tena sana. Ila hofu haikumpeleka chuoni. Ilimpeleka dukani, kununua kalamu za rangi sita.

Ijumaa asubuhi alishuka kwenye basi, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi. Karatasi mlangoni ilisema ofisi imehamia ghorofa ya tatu. Huko alikuta vitabu vimeanikwa dirishani, kurasa wazi. Walimu nao wana mambo yao, aliwaza.

Msimamizi alipekua hojaji bila haraka. Akaikazia macho ile ya kijani.

"Mwandiko gani huu?"

"Wengine wavivu, mwalimu."

"Hilo kweli." Akaiweka kando, akaendelea. Binti akashusha pumzi.

"Asilimia tisini na nane wanasema mabadiliko ya tabianchi hayajawahi kuwagusa."

"Uelewa wao mdogo, mwalimu. Inasikitisha."

"Inasikitisha mno. Uliwahoji wapi?"

"Maktaba, ghorofa ya chini. Tarehe tisa mpaka kumi na moja. Nilikaa nao mezani, mmoja mmoja."

Msimamizi akatoa kalamu mfukoni, akafungua kifuniko. Binti akaanza kumwona mama yake amesimama mstari wa mbele, anapiga vigelegele.

"Tarehe tisa mafuriko yalifika rafu ya nne humo," alisema msimamizi. "Mimi na mkutubi tulitolewa kwa boti. Hao mia mbili, mwanangu, uliwakuta wanaogelea?"