Damu Itaonekana Nyeusi

"Damu itaonekana nyeusi," Mwalimu Tluway alisema akiwa juu ya ngazi. "Mjue mapema, msije mkashtuka."

Marsela alikuwa ameshashtuka zamani. Tangu asubuhi hakuweza kumeza hata chai.

Kidole tumbo kikishavimba hakina subira. Mvua za Aprili zilikuwa zimekata barabara ya kuteremkia Mto wa Mbu, kwa hiyo Arusha hakufikiki. Jenereta ya hospitali ilikuwa wiki ya tatu bila dizeli, na betri za tochi hazikuonekana katika duka lolote la Karatu. Taa ya mafuta nayo isingewashwa karibu na etha, dawa ya usingizi inayoshika moto upesi. Cheche moja tu, chumba kingelipuka.

Jua lilikuwapo siku hiyo. Lakini dirisha la chumba cha upasuaji lilikuwa dogo, juu karibu na dari, na mwanga wake uliishia ukutani.

Ndipo akaitwa Tluway, mwalimu wa fizikia aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo na sanduku la vioo. Kioo alichokuwa akikifunga dirishani sasa kilikuwa bapa, chembamba, hakina kitu ndani.

"Hiyo ni lenzi?" Marsela aliuliza.

"Si lenzi, ila inafanya kazi ya lenzi. Inaitwa hologramu. Niliichora kwa mwanga wa leza, nikauonyesha mwanga njia ya kupita. Jua likiigonga, inaupinda na kuukusanya. Kijani ndiyo rangi inayoitii zaidi, na kwenye mwanga wa kijani chochote chekundu huonekana cheusi."

Akakisogeza kioo kile kidogo tu. Duara la kijani, upana wa sahani, likateremka ukutani taratibu, likapanda shuka nyeupe, likatulia juu ya meza.

"Litakaa hapo nusu saa. Baada ya hapo jua litakuwa limehama, mimi sina la kufanya."

"Nusu saa inatosha?"

"Inatosha," alijibu Daktari Bartolomeo, daktari pekee wa hospitali ile. Sauti yake ilikuwa ya upole kama siku zote, ila uso ulikuwa umelowa jasho. "Kazi hii nimeifanya miaka ishirini. Haijawahi kuzidi dakika ishirini na tano."

"Na mkono ukitetemeka?"

"Mkono wowote hutetemeka kabla. Ukishaanza, hutulia. Nitazame, binti yangu. Unaniamini?"

Marsela aliitikia kwa kichwa. Alimfikiria mwanawe wa miezi mitano, aliyemwacha kwa mama yake kule Qurus, akajiuliza jioni atarudi kwake akiwa mtu gani.

Sista Germana akafungua chupa. Harufu tamu ya etha ikajaa chumba, na Marsela akautazama mlango. Ulikuwa hatua nne tu. Hakuna ambaye angemzuia.

"Tuanze," daktari alisema. "Jua halitungoji."

Germana akainama juu ya meza, barakoa mkononi.

"Hesabu polepole, Daktari."

Akiwa amelala mezani, Bartolomeo alihesabu hadi sabini. Sauti yake ilipozimika, Marsela, msaidizi wake wa upasuaji, alinyoosha mkono apewe kisu.