Zamu ya Kutaniwa

Katika usiku wa vichekesho chuoni, mshereheshaji alikuwa na silaha moja isiyokosea: kuigiza lafudhi ya wanafunzi wa milimani. Jioni hiyo alikwishafungua mdomo alipomwona mwenzake wa chumbani, mtu wa milimani, ameketi mbele na mama yake. Mama alikuwa ametega sikio, anatabasamu.

Akaiacha lafudhi ile.

“Ndugu yangu,” akamwita mwenzake, “leo panda wewe, unitanie mimi.”

Kijana akashika maiki. Akaigiza mshereheshaji anavyokoroma, kisha anavyoongea na mama yake kwenye simu: “Nimeshiba, mama, hata siwezi kuinuka,” huku anakwangua sufuria tupu.

Ukumbi ukalipuka. Hata wanafunzi wa milimani, waliozoea kukaa karibu na mlango, walishikana mabega kwa kicheko.

Mama wa kijana akasimama, anajifuta machozi.

“Mwanangu,” akamwambia mshereheshaji, “wakimaliza kukucheka, njoo ule.”