Viatu Mlangoni

Fundi alipofungua kompyuta, Kamanthe aliinama kutafuta ubaya ulikojificha.

Hakuona ubaya wowote. Ndani mlikuwa safi kama sahani ya wageni. Feni haikuwa na hata chembe ya vumbi jekundu, lile linaloingia mpaka kwenye chumvi hapa Machakos. Tangu ainunue kompyuta hiyo, kila aliyekuja kuchapishiwa barua aliacha viatu mlangoni, hata padri, na jioni mashine ilifunikwa kitambaa alichokifuma Kamanthe mwenyewe.

"Si umeona iko sawa?" alisema. "Sasa mbona inakataa hiyo programu mpya? Wateja wote wanaitaka."

"Iko sawa kabisa, mama. Lakini imezeeka."

"Imezeeka aje? Hakuna mtu ameigonga!"

Fundi alimpa diski iliyobeba programu. "Hii ndiyo imeizeesha. Inataka mashine iko na nguvu mingi zaidi. Ukinunua hiyo, mwaka ujao itakuja programu ingine, itake kubwa kuliko hiyo."

Kamanthe aliishika diski kwa ncha za vidole. Ilikuwa nyepesi kama jani, na rangi za upinde wa mvua zilikimbia juu yake alipoigeuza. Aliuona uso wake humo, mdogo, mdomo wazi. Kitu kama hiki kimeizeesha mashine nzima bila hata kuigusa.

Mlangoni wateja wawili walikuwa wameinama, wakifungua kamba za viatu.

"Wacheni," aliwaambia, macho bado kwenye diski. "Ingieni tu na viatu."