Fulana ya Kwenda Shimoni

Fundi bomba alijifunga bendeji kwenye mguu usiouma, akatoka chumbani akichechemea kama jogoo aliyekanyagwa.

"Pole, Babu," alisema mjukuu wake, nesi, macho yakiwa kwenye simu. "Ila jana ulikuwa unachechemea mguu wa kushoto."

Babu akautazama mguu. Akautazama na mwenzake. "Maumivu yamehama."

"Basi yatahamia na kwenye gari. Jumamosi tunakwenda shimoni, mume wangu, hata kwa kubebwa."

Bibi, aliyekuwa kwenye cherehani yake kubwa ya kushonea maturubai, alicheka mpaka uzi ukakatika. "Mke mwenzangu, usimsumbue mume wetu. Mashujaa nao huumwa."

Neno hilo, mashujaa, lilimchoma mzee kuliko sindano.

Lile shimo kila mtu wa familia alilijua, hata ambaye hajawahi kuliona. Ardhi ilititia zamani sana, likabaki shimo pana lenye kuta za mwamba, na ndani yake maji ya kijani ambamo watu huogelea. Humo ndimo fundi bomba, angali kijana, alipomwokoa msichana aliyekuwa anazama. Akamtoa, akamwoa. Hadithi hiyo ilisimuliwa kwa kila mgeni na katika kila harusi, na kila iliposimuliwa kina cha maji kiliongezeka. Heshima yote ya mzee pale nyumbani ilisimama juu ya lile shimo. Sasa wajukuu walitaka kuona kwa macho yao: Babu aruke kutoka palepale, nao wampige picha.

Tatizo ni kwamba fundi bomba hakujua kuogelea.

Maji aliyoyazoea yeye ni ya kwenye bomba, yanayokwenda anakoyaamuru. Siku ile hakuruka, aliteleza. Alikumbuka ukijani, akakumbuka kelele masikioni, kisha akajikuta juu ya mwamba, amemng'ang'ania msichana asiyemjua, na watu wanapiga makofi. Msichana alikohoa, akakohoa, na alipopata sauti akasema, "Jamani, huyu kaniokoa!" Angebishaje? Aliyeokolewa mwenyewe kasema. Labda miguu ilipiga maji yenyewe, kwa woga. Tangu siku hiyo hakuipa nafasi nyingine ya kuonyesha inachokijua.

Bendeji iliposhindwa, alikuja na jingine. "Nasikia lile shimo limekauka."

"Nimempigia mlinzi wa pale," alijibu Bibi, akitunga uzi. "Anasema limejaa hadi juu."

"Halafu kuna jirani, tangi lake linavuja vibaya."

"Nimemwambia afunge koki. Atakusubiri."

Mzee akajikuna kidevu. Lilibaki moja, nalo alilitoa kwa sauti ya huruma. "Mimi ninakuhofia wewe, Mama. Unavyoogopa maji! Nitakuachaje peke yako pale ukingoni?"

Hilo lilikuwa na uzito. Miaka yote Bibi hakuwahi kuingia kwenye maji yanayozidi beseni. Wenzake wakienda kuogelea, yeye hulinda viatu. "Mimi na maji mengi tulishaagana," husema, na wote humgeukia mzee kwa macho ya shukrani.

"Nitakuwa karibu yako," Bibi alisema. "Nani mwingine wa kuniokoa? Halafu zile chupa ndogo za maji zikiisha, usitupe. Na vifuniko vyake."

"Za nini?"

"Za safari."

Mzee akaona sawa, safari inataka maji ya kunywa. Akazikusanya mwenyewe, akazipanga kando ya cherehani kama mtoto mtiifu.

Ijumaa, watu walipokuwa wanafunga vikapu, aliona heri ajitie aibu kuliko kujitia kaburini. Akavuta kigoda karibu na mkewe.

"Mama, ile siku ya shimoni…"

"Simama, inua mikono," alisema Bibi, utepe wa kupimia shingoni. "Maji ya kule ni baridi. Nakushonea fulana nzito."

"Ya turubai? Unanigeuza hema?"

"Hema lina faida, mzee wangu. Geuka."

Aligeuka, mikono juu kama mwizi aliyekamatwa, na ujasiri wote ukamtoka kwapani.

Jumamosi ikafika bila kuchelewa hata kidogo. Shimo lilikuwa lilelile na maji ni yaleyale. Wajukuu walijipanga na simu zao, wakaanza kuimba, "A-ru-ke! A-ru-ke!"

Bibi alimvalisha fulana, akaikaza kamba. Ikalia kwacha kwacha. Mzee akajibonyeza chini ya kwapa: kitu cha mviringo, kitupu, chenye kifuniko. Pembeni yake kingine. Vilizunguka kifua chote, kila kimoja kimeshonewa mfuko wake.

Akamgeukia mkewe aulize. Mkewe alikuwa amekwishavua gauni, amelikunja vizuri juu ya rundo la viatu, amebaki na kaptula na fulana.

"Bibi!" nesi alishtuka. "Na wewe unaingia?"

"Natangulia," Bibi alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Nikizama, si babu yenu yupo?"

Wote wakaangua kicheko, wakashangilia. Katika kelele hizo Bibi aliinama kama anayeweka kamba sawa, akamnong'oneza mumewe sikioni:

"Safari hii nishike bega, mzee wangu. Mara ile ulinikaba shingo kutoka chini ya maji mpaka juu ya mwamba, ndiyo maana nilikohoa vile."