Mla Pumzi

Mkoba wa kwanza ulitua kwenye vumbi la Ruashi. Wa pili ulipasukia mlangoni.

“Toka mu nyumba yangu, mulozi!” Edith alimfokea Geneviève, dada mkubwa wa mumewe. “Umekula pumzi ya ndugu yako, haujashiba?”

Majirani walijaa njiani, na hakuna aliyemtetea. Geneviève alikuja kumuuguza mdogo wake Stanislas alipopatwa na ugonjwa wa mkojo. Mkojo ulipona, kikaingia kikohozi kikavu, hata mzee akawa hafiki chooni bila kupumzika njiani. Mchungaji akasema mla pumzi yumo ndani ya nyumba. Nani basi, kama si mjane asiye na mtoto? Uchawi hauhitaji ushahidi, wifi mmoja anatosha.

Edith alijua yeye ndiye anayempigania mumewe. Kila asubuhi alimpa kidonge chake cha mkojo, ingawa alishapona, ili ugonjwa usirudi.

Stanislas, akitweta kitini, alimwita dada yake na kumtia mkononi chupa nzima ya vidonge hivyo. Geneviève naye siku hizo mkojo ulikuwa ukimchoma.

“Baba Myriam! Unapatia mulozi dawa yako?”

“Iko yaya yangu, dada yangu mukubwa, Edith. Acha.”

Geneviève akapanda gari la Kipushi bila kuaga.

Mwezi haukuisha, Stanislas akaanza kupumua vizuri. Akala bukari, ugali wa kwao, akamaliza, akatembea hadi sokoni peke yake. Edith alipiga vigelegele kanisani mpaka sauti ikakauka. Kisha habari zikaja kutoka Kipushi: Geneviève anakohoa, hainuki kitandani.

“Ulozi imemurudilia,” alisema Edith, akacheka bila haya.

Hospitalini, daktari alilinganisha picha ya zamani ya mapafu ya Stanislas na mpya.

“Alikuwa anakunywa dawa gani, mama?”

“Ya mikojo tu. Miye mwenyewe njo nilikuwa namupatia.”

“Ile dawa njo ilikuwa inaunguza mapafu yake. Haiko bantu bote, lakini bengine inabafanya vile. Amepona juu aliiacha.”

“Unasema miye nilikuwa namuua bwana yangu?” Edith alisimama. “Miye?”

Daktari alimgeukia Stanislas, ambaye alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

“Baba, dawa yenye ilibakia, mulitupa?”