Madebe Matano ya Samadi

Siku hizi hupati mbolea ya chumvichumvi mpaka uilishe mashine ya kijiji madebe matano ya samadi. Sisi tulikuwa na mawili, kazi ya mbuzi mmoja mwaka mzima, na maharage yalishaanza kuwa manjano.

Mashine humeza chochote kinachooza. Tukaipa nyasi za paa la jiko, kisha godoro la majani la mama yangu. Likabaki debe moja.

Mke wangu akamfungua mbuzi.

“Ana mimba huyo, Mama Tabu.”

“Na wanao wana nini matumboni?”

Nikamtia. Mashine ikashukuru, ikatoa mfuko.

Maharage yamerudi kijani. Mwakani mashine itataka madebe matano tena. Ya mwaka huu yametugharimu paa, godoro, maziwa ya Tabu, na mbuzi wa pekee tuliyekuwa naye.